Jani Halikohoi

Kabla ya kupeleka kisamvu Ngamiani
naosha maji matatu.
Ya kwanza yanatoka kasimile,
ya pili tui jepesi,
ya tatu nayaita safi
kwa sababu mkono umechoka.

Bi Mwanakheri wa Barabara ya Tisa
hupitisha kidole gumba juu ya jani,
hukisugua na mwenziwe, hunitazama.
"Ya Kiomoni haya?"
Nasema ya Pande.
Mungu anisamehe, nasema ya Pande kila Jumanne.

Tanuri la chokaa liko nyuma ya shamba,
hatua mia mbili, nilizihesabu.
Asubuhi linapofunguliwa
unga unapanda, unasita kidogo
kama mgeni anayeangalia pa kukaa,
halafu unakaa kwangu.

Mpwa wangu Mkasi, darasa la sita,
alirudi shuleni na selotepu.
Anaibandika juu ya jani, anaibandua,
anaipachika daftarini, anaandika tarehe.
Kurasa kumi na nne sasa.
Ukifungua daftari unadhani ni la mwashi.

"Shangazi, jani lina vinywa, viko upande wa chini."
Nikamwambia, kama vinywa viko chini,
vumbi la juu lina kosa gani?
"Jani linapika kwa jua. Hili ni kawa.
Na moshi hauna haja ya kupitia juu,
unaingia kule kule kwenye vinywa."
Nikanyamaza. Nimepika miaka thelathini,
sikujua kumbe mhogo nao una jiko.

Sasa naelewa mchungwa wa marehemu mama.
Upande wa choo unazaa ya kujaa kiganja.
Upande wa tanuri, majani yamejikunja,
kingo zimeungua rangi ya chai ya rangi,
na machungwa ni kama ndimu za kuuguzia mafua.
Mti mmoja, shina moja, mbolea ya mbuzi wale wale.
Nilikuwa nimemsingizia jirani jicho.

Watu husema, subiri mvua.
Mvua kubwa, sawa, inaosha.
Lakini rasharasha, ile ya kulowesha kanga tu,
haioshi. Inakanda.
Jua likirudi jani limepigwa lipu.

Na ndugu yangu Semhando?
Yeye ndiye anayepakia mawe tanurini.
Jioni hukung'uta shati mlangoni,
nyusi nyeupe, kope nyeupe,
kijana aliyezeeka kati ya saa moja na saa kumi.
Mshahara wake ndio ada ya Mkasi,
ndio daftari, ndio na hiyo selotepu.
Nimlaumu nani? Nimpigie kelele nani,
nikiwa na sahani yake mkononi?
Usiku anakohoa, nampelekea maji.
Najua kiasi anachoumwa kwa urefu wa kikohozi.

Jani halikohoi.
Linapauka, linapungua,
linaanguka mchana watu wakiwa kazini.

Bwana wa wilaya alikuja Aprili,
kesho yake baada ya mafuriko.
Shamba lilikuwa kijani hata mimi nikaona haya.
Akaandika mstari mmoja, akanywa maji, akaondoka
kabla Mkasi hajatoka shule na daftari lake.

Safari hii hatungojei.
Jana nilibandua gamba moja la chokaa
juu ya jani la mchungwa, pole pole, kwa ukucha.
Likatoka zima.
Nikaligeuza: mshipa wa kati upo,
na ile midogo, yote, imechorwa kwenye jiwe.
Semhando akalishika, akalitazama kwenye taa,
asiseme neno.
Kisha akaenda kuleta kopo lake la tumbaku,
akamwaga tumbaku yote kwenye karatasi,
akanipa kopo tupu.

Mna majani saba humo.
Jumatatu tunashuka nalo mjini, watatu sisi,
na kisamvu sitakiosha.